Pumzi ya Kuazima

Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Methali hii nimeifundisha darasani mara nyingi mno, nikaitungia mifano ya wasichana wanaoazima viatu vya kwendea arusini na wavulana wanaoazima simu ili waonekane watu wa maana. Sikudhani kamwe kwamba siku moja ningeitumia kuamulia ninunue gari gani, wala kwamba fundi mmoja wa gereji iliyo chini ya mwembe mjini Homa Bay angenionyesha kuwa nimeitumia vibaya. Ndugu msomaji, ninayokusimulia hapa ni kisa cha magari mawili, cha barabara moja, na cha mzee aliyepoteza nuru ya macho akabaki na masikio.

Mimi ni mwalimu mjini Migori, na masomo yangu ya uzamili huyafanya wakati wa likizo. Nyumbani kwetu ni karibu na Rodi Kopany, katika kaunti ya Homa Bay, pale barabara itokayo Rongo inapokutana na ile iendayo Ndhiwa. Baba yangu alikuwa dereva. Katika ujana wake aliendesha Peugeot 504, zile gari ndefu zilizokuwa zikibeba abiria wa Nyanza Kusini kabla ya matatu za leo, akiwatoa Kisii na kuwafikisha Migori au Homa Bay wakiwa wamebanana kama dagaa. Baadaye akaendesha malori ya dizeli. Kisha glakoma ikamvamia, ikamwibia macho pole pole, bandu bandu ikamaliza gogo. Kufikia mwaka 2023 alikuwa haoni ila mwanga na giza.

Kila mwezi alipaswa kufika kliniki mjini Homa Bay. Kutoka kwetu hadi barabarani ilikuwa ni boda boda, kisha matatu, kisha boda boda tena. Siku moja ya mvua pikipiki iliteleza, Baba akaanguka mtaroni. Hakuumia sana, lakini tangu siku hiyo akawa anaahirisha kliniki, mara hivi mara vile, nasi tukajua ni woga ingawa yeye hakulitamka neno hilo. Hapo ndipo nilipokwenda katika chama chetu cha akiba na mikopo, nikatia saini mkopo wa miezi 48. Niliwaambia jamaa wote kuwa ninanunua gari la kumpeleka Baba hospitalini.

Hiyo ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote. Kweli iliyobaki niliificha, nami ninaiungama hapa kwa mara ya kwanza: nilikuwa ninapenda mwendo. Mtoto aliyekulia mapajani mwa dereva wa 504 hulishwa ugonjwa huo tangu utotoni. Sikutaka Probox, japo kila mtu mwenye akili timamu aliniambia ninunue Probox. Nilitaka hachibeki, yaani gari dogo lenye mlango mmoja mpana nyuma, lakini hachibeki ya aina ile iliyotiwa injini kali kuliko umbo lake.

Magari ya jinsi hii yana nasaba yake. Volkswagen Golf GTI iliyoingia sokoni mwaka 1976 ndiyo inayotajwa aghalabu kuwa iliyoeneza mtindo huo: gari la familia la bei ya wastani, lenye injini ya lita 1.6 na nguvu za farasi 110, ambalo liliweza kumpeleka mtu sokoni asubuhi na kumchekesha peke yake barabarani jioni. Injini yake haikuwa na turbo. Mwaka 1980 Renault wakaja na Renault 5 Turbo, ambayo jina lake lilitangaza kila kitu, na tangu hapo ukoo ukagawanyika matawi mawili. Kwa muda mrefu matawi hayo yaliishi bega kwa bega. Leo tawi lenye turbo karibu limelimeza lile jingine. Golf GTI yenyewe ilihamia huko zamani, na hata Honda, waliosifika kwa injini zao za kupiga kelele katika mizunguko ya juu, waliitia turbo Civic Type R mwaka 2015.

Tofauti ya matawi hayo mawili ni pumzi. Injini ya petroli huishi kwa hewa na mafuta. Katika injini ya kawaida, pistoni inaposhuka huacha nafasi tupu ndani ya silinda, nayo hewa ya nje hujisukuma yenyewe kuijaza nafasi hiyo. Inachokipata ni kile tu ambacho uzito wa anga unaweza kukiingiza. Ukitaka nguvu zaidi, huna budi kuizungusha injini haraka zaidi ili ivute pumzi nyingi zaidi kwa dakika. Turbo ni ufumbuzi mwingine. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliwazia wazo hilo na kulisajili mwaka 1905: moshi unaotoka katika silinda uzungushe gurudumu dogo, nalo gurudumu hilo lizungushe pangaboi la pili linaloshindilia hewa ndani ya injini. Gurudumu hilo huweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Hewa ikishindiliwa, injini ndogo hula chakula cha injini kubwa.

Kwetu jambo hili lina uzito kuliko linavyoweza kuwa nalo Mombasa. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mtu akiwa Homa Bay, akiwatazama wavuvi wakianua nyavu, husahau kuwa yu juu mlimani. Lakini injini haisahau. Hewa ya huku ni nyepesi, na gari lisilo na turbo hupoteza takriban sehemu moja kwa kumi ya nguvu zake kabla hata halijaondoka ukingoni mwa ziwa. Ukipanda Rodi Kopany hadi Rongo, linapoteza zaidi. Turbo hulipa pengo hilo kwa kuzunguka zaidi kidogo. Yamkini ndiyo sababu mashindano ya Safari, yaliyokuwa yakipita katika nyanda zetu za juu, yalikuwa mtihani wa pumzi pia. Shekhar Mehta alishinda mara nne mfululizo, mwaka 1979 hadi 1982, kwa magari ya Datsun yasiyo na turbo. Muda si muda Toyota Celica yenye turbo ikatwaa ushindi mwaka 1984, 1985 na 1986, na mwaka 1988 ikaja Lancia Delta Integrale, ambayo kwa hakika ni hachibeki yenye turbo, ikashinda nayo. Baba aliyasikiliza hayo yote redioni. Hata hivyo, ukimwuliza bingwa wa Safari ni gari gani, atakujibu ni Peugeot 504, iliyoshinda mwaka 1975 na 1978. Mapenzi hayana takwimu.

Sisi wanafunzi wa fasihi tunavijua vita vya namna hii. Mwaka 1973 ilichapishwa Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, diwani iliyofungwa barabara katika mizani na vina. Mwaka uliofuata ikatoka Kichomi ya Euphrase Kezilahabi, iliyovivua vina na kuvitundika ukutani. Ikawa ni ugomvi. Upande mmoja ulisema shairi huru si shairi. Upande wa pili ukasema vina ni pingu. Nilipoingia katika utafutaji wangu wa gari nilikuwa tayari nimeshachagua upande, kama walivyochagua wanamapokeo. Nilijiambia kuwa injini isiyo na turbo ni injini ya haki, inayoishi kwa pumzi yake yenyewe ndani ya mizani yake, ilhali turbo ni nguvu ya kuazima. Na nguo ya kuazima, kama tujuavyo, haisitiri maungo.

Waama, moyo haukubaliani na methali kila mara. Gari la kwanza lililoniteka lilikuwa na turbo.

Lilikuwa hachibeki ya Kijerumani ya lita 1.4, nyeusi, iliyokuwa ikiuzwa mjini Migori kwa shilingi 1,050,000. Sitaitaja kampuni iliyoiunda kwa kuwa kasoro nitakayoieleza haikuwa ya muundaji. Mwuzaji, kijana mchangamfu aliyefanya biashara upande wa machimbo ya dhahabu, alinipa funguo bila masharti. Wiki hiyo Baba alikuwa amekuja kukaa nami. Nikamketisha kiti cha mbele, mwuzaji akakaa nyuma, tukaelekea Awendo.

Msomaji, kama hujawahi kuendesha gari la namna hiyo, nitakueleza hivi: unakanyaga, kwanza kunapita kimya kifupi kama cha mtu anayevuta pumzi kabla ya kuimba, kisha mgongo wako unakutana na kiti. Mlima haupandwi, mlima unainama. Tuliwapita wenye malori kama waliosimama. Nilicheka kwa sauti. Nilikuwa nimeshaununua moyoni ule mwendo, na mkopo nimeshaulipa, na Baba nimeshamfikisha kliniki mara mia.

Baba aliomba redio izimwe. Akateremsha kioo, akainamisha kichwa upande wa bonneti, akanyamaza. Tulipofika Awendo akasema tusimame, injini iachwe ikinguruma taratibu bila kuizima. Tukakaa dakika tatu, nne. Kisha akaniita.

"Nyara," alisema.

Katika Kijaluo neno hilo lina maana ya binti yangu. Katika Kiswahili, kama tujuavyo, nyara ni mali iliyotekwa vitani. Nimeishi maisha yangu yote kati ya maana hizo mbili.

"Nyara, kanyaga mara moja kwa nguvu, halafu utazame katika kioo. Mimi siwezi kutazama. Niambie moshi ni wa rangi gani."

Nikakanyaga. Nikatazama. Nikatamani sana kuona weusi au weupe, au nisione kitu.

"Ni wa samawati, Baba."

"Na ile sauti umeisikia? Ile inayolia juu kama king'ora cha mbali?"

Nilikuwa nimeisikia. Nilidhani ndiyo sauti ya kasi.

Mwuzaji alisema kuwa magari yote ya turbo hulia hivyo. Baba hakumbishia. Tuliporudi Migori tukiwa tumekimbia muda wote, mwuzaji, ambaye safari hii ndiye aliyekuwa ameshika usukani, aliegesha na kuizima injini papo hapo, akachomoa ufunguo. Baba akauliza kwa upole, "Kijana wangu, huwa unaizima hivyo kila siku?" Naye akajibu kwa moyo mweupe, "Ndiyo, mzee. Kwani huzimwaje?"

Usiku huo Baba alinieleza kile ambacho malori ya dizeli yalimfunza. Turbo huzunguka juu ya utando mwembamba wa oili. Moshi unaoizungusha huwa wa moto mkali mno, na chuma chake hukaribia kuwa chekundu. Ukiizima injini ghafla baada ya kuikimbiza, pampu ya oili husimama, oili iliyobaki mle ndani huungua na kuganda kama masizi ya sufuria, na kesho yake ekseli ile ndogo huzunguka juu ya masizi. Siku moja haidhuru. Miaka mitano hudhuru. Ekseli ikilegea, oili hupenya na kuingia katika njia ya hewa au ya moshi, ndiyo ile samawati. Magari mengi ya siku hizi yana maji ya kuipoza turbo hata baada ya injini kuzimwa, lakini hakuna maji yanayomsaidia mtu asiyebadilisha oili kwa wakati. "Gari si baya," alisema Baba. "Limelelewa vibaya."

Sikulala vyema. Nilihisi kama msichana aliyeambiwa siri mbaya ya mchumba wake, naye bado anampenda.

Gari la pili lilikuwa Homa Bay. Lilikuwa Suzuki Swift Sport ya mwaka 2013, nyekundu iliyoanza kupauka, mali ya mtumishi wa umma aliyekuwa amehamishiwa kaunti nyingine. Bei yake ilikuwa shilingi 950,000. Injini yake ni ya lita 1.6 isiyo na turbo, nguvu za farasi 136, na gia sita za mkono. Katika gari hili ugomvi wa matawi mawili unaonekana ndani ya jina moja. Swift Sport iliyofuata, iliyotoka mwaka 2017, ilipewa injini ya lita 1.4 yenye turbo. Nguvu zake za farasi ni 140, nyongeza ya nne tu. Lakini nguvu yake ya kuzungusha magurudumu ilipanda kutoka nyutonimita 160 hadi 230, na tena huipata mapema, injini ikiwa katika mizunguko 2,500 hivi, ilhali ile ya zamani huipata katika mizunguko 4,400. Kwa maneno mengine, zote mbili zitafika Rongo karibu wakati mmoja. Ya turbo itafika ikizungumza, ile nyingine itafika ikipiga kelele.

Tulilijaribu kutoka Homa Bay, Baba akiwa kiti kile kile cha mbele. Baada ya Rodi Kopany tulimkuta trekta wa miwa, anavuta matela mawili yaliyojazwa hadi yakayumba. Wasafiri wa Rongo, Awendo na Ndhiwa wanaijua taswira hiyo: mabua yananing'inia kila upande, mwendo ni wa konokono, na nyuma yake mna msururu wa watu waliochoka kusubiri. Mbele niliona nafasi. Nikatoka. Nilikuwa katika gia ya sita, na kichwani mwangu nilikuwa bado ninaendesha lile gari jeusi la Migori. Nikakanyaga nikingoja mgongo wangu ukutane na kiti.

Haukukutana na kitu. Gari lilinguruma kama mtu aliyeamshwa usingizini, likaongeza mwendo kwa kusitasita, na tulipokuwa sambamba na tela la pili lori likachomoza katika kona. Sikumbuki nilichokifanya kwa mpango. Nilifunga breki, nikarudi nyuma ya matela, mabua ya miwa yakakwaruza kioo cha upande wangu, na upepo wa lile lori ukatutikisa. Nikaegesha kando ya barabara. Mikono ilikuwa ikinitetemeka nisiweze hata kulegeza mshipi.

Baba hakuwa ameona lolote, lakini alikuwa amesikia yote. Alinyamaza hadi pumzi zangu zikatulia. Nilitarajia aseme kwamba gari hili halina nguvu, turudi Migori tukanunue lile jeusi tulitengeneze. Nilitaka aseme hivyo.

"Gari halikukosa nguvu," alisema. "Wewe ulikosa gia. Uliliomba liimbe ukiwa umelilaza. Kabla ya kutoka nyuma ya trekta ungeshuka gia ya tatu, ulisikilize, likikujibu ndipo utoke. Lisipokujibu, kaa nyuma ya miwa. Miwa haina haraka."

Tulipoondoka nilishuka hadi gia ya tatu. Injini ikapanda, mizunguko elfu nne, elfu tano, elfu sita, na sauti yake ikabadilika kutoka mngurumo kuwa kilio cha furaha. Tukampita yule trekta mahali penye uwazi mrefu, tukiwa na nafasi ya kutosha na ya ziada. Nikaona Baba anatabasamu. Tangu aache kuona, sikuwa nimemwona akitabasamu ndani ya gari.

Lakini haki lazima itendeke kwa pande zote. Katika barabara ile, siku ile, gari lenye turbo zima lingemsamehe dereva mzembe, ilhali lisilo na turbo lilikaribia kumwua. Nimewasikia watu wakisema kuwa turbo ni kitu cha watu wa fujo. Si kweli. Kwenye mlima, katika hewa nyepesi, nyuma ya matela ya miwa, nguvu inayopatikana mapema ni usalama. Ningedanganya kama ningeandika vinginevyo.

Ndipo nikafika kwa yule fundi wa chini ya mwembe niliyemtaja mwanzoni. Nilimpelekea Swift ailikague, na alipokuwa amelala chini yake nikamhubiria falsafa yangu: pumzi ya asili na pumzi ya kuazima. Hapa naomba niseme jambo kwa faida ya wapenzi wa lugha. Mafundi wa kwetu huzungumza Kijaluo nyumbani, lakini wakiwa kazini, na hasa mteja akiwa mgeni, Kiswahili ndicho huchukua usukani, na Kiswahili chao kimeifanya injini kuwa kiumbe. Gari hukohoa, huchemka, hula oili, huchoka, hufa na hufufuka. Injini hupumua au hushindwa kupumua. Hakuna kamati iliyokaa kuyaunda maneno hayo. Yamezaliwa kwa sababu mtu alihitaji kumweleza mwenzake kilichoharibika kabla jua halijatua.

Fundi alitoka chini ya gari, akajifuta mikono kwa tambara, akaniambia: "Mwalimu, turbo haiazimi kitu kwa mtu. Ule moshi gari linautupa. Ni taka. Turbo inaokota taka na kuifanyia kazi. Kama kuna gari linalopoteza mali, basi ni hili lako, linalomwaga nguvu zote nje kwa bomba."

Nilikosa la kujibu. Methali niliyoifundisha kwa miaka mitano ilikuwa imekataliwa kazi na mtu mwenye spana. Turbo haikuwa nguo ya kuazima. Ilikuwa kama mama anayegeuza makombo ya jana kuwa kiamshakinywa cha leo. Fauka ya hayo, ndiyo sababu waundaji wengi wamehamia huko: injini ndogo inayookota moshi wake huweza, ikiendeshwa kwa utulivu, kunywa mafuta kidogo kuliko injini kubwa ya nguvu sawa, na sheria za uchafuzi wa hewa huko Ulaya na Japani zimewasukuma upande huo.

"Basi ninunue lile la Migori?" nikauliza.

"Hilo sikusema," akajibu. "Kitunze kidumu. Lile halikutunzwa."

Nikaketi chini ya mwembe, nikatoa kalamu. Turbo ya mtumba kutoka Japani, alivyonipigia hesabu, ilikuwa shilingi 70,000 pamoja na kazi, na hakuna awezaye kuapa kuwa hiyo ya mtumba nayo haikuzimwa ghafla na mwenyewe wa kwanza. Mpya ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hiyo. Gari lile lilitaka pia petroli ya oktani ya juu, ambayo si kila kituo kati ya Migori na Homa Bay huiuza, na injini iliyoshindiliwa hewa haivumilii mafuta duni. Tena ulikuwa ni mwezi wa Septemba 2023, mwezi ambao lita ya petroli ilivuka shilingi 200. Makato ya mkopo hayangesubiri turbo itengenezwe, na kliniki ya Baba haingesubiri pia.

Nikanunua Swift. Nilipomweleza Baba sababu zangu, nikazipanga moja moja kama hoja za insha, alisikiliza hadi mwisho kisha akauliza swali moja tu: "Na wewe mwenyewe unalipenda?" Nikanyamaza, kwa maana nilitambua kuwa siku zote alijua. Alijua tangu nilipocheka kwa sauti katika lile gari jeusi. Hakunikemea kwa kuvificha viwili katika kimoja. Aliniambia kuwa yeye naye, alipokuwa akiwabeba abiria, alikuwa akiwaambia watu anatafuta karo ya watoto, na karo aliitafuta kweli, lakini kuna asubuhi ambapo barabara ya kuteremkia ziwani ilikuwa tupu na abiria wamelala, naye hakuwa akimfikiria mtoto yeyote.

Miaka imepita tangu hapo. Baba hakukosa tena kliniki. Glakoma haikurudisha ilichokichukua, lakini ule mwanga mdogo uliobaki bado upo, na wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Kila tunapofika nyuma ya trekta wa miwa huniuliza, "Uko gia gani?" nami humjibu kama mwanafunzi anayejibu majina darasani.

Lile gari jeusi lilinunuliwa na mtu mwingine, mwalimu kama mimi. Aliitoa turbo mbovu, akatia mpya, akaanza kubadilisha oili kwa wakati, na kabla ya kuizima injini huiacha ipoe. Ninajua haya kwa sababu nilimsimulia mwenyewe kile Baba alichonifundisha. Alasiri moja, tukipanda kutoka Homa Bay kwenda Rodi Kopany, mimi katika gia ya tatu na injini yangu ikilia kwa bidii zake zote, alinipita. Alinipita bila kelele, akapiga honi kunisalimu, akapotelea juu ya mlima. Hapakuwa na samawati nyuma yake.

Sikosi wivu, siwezi kukuficha. Lakini siku hizi nikiifundisha ile methali ya nguo ya kuazima, huongeza neno moja kwa wanafunzi wangu: kabla hujakiita kitu cha kuazima, chunguza kwanza kimetoka wapi. Kisha huwapa methali ya fundi, ambayo ni fupi na haina haja ya mfano wangu. Kitunze kidumu.